Mgonjwa mahututi ambaye figo zimesimama: je, anyimwe protini?

Binti wa Chumbageni

Assalaam alaykum, na shikamooni wakubwa wote mliomo humu.

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya wagonjwa mahututi, katika hospitali ambayo sitaitaja, ambako baba yetu mwenye umri wa miaka 63 amelazwa kwa siku ya tano sasa. Alianza kwa kuharisha na homa kali, tukachelewa kumleta kwa sababu sote tulidhani ni malaria tu, na alipofika alikuwa hajakojoa kwa takriban siku mbili. Daktari alitueleza kwamba maambukizi yameingia kwenye damu na figo zimesimama ghafla. Kabla ya hapo hakuwa na tatizo lolote la figo tulilolijua. Amekwisha kusafishwa damu mara 2, anapumua kwa mashine, na tangu juzi analishwa kwa mpira uliopitishwa puani.

Kinachotugawa ndugu ni chakula hicho. Shangazi yetu, ambaye marehemu mumewe aliishi na ugonjwa sugu wa figo kwa miaka 6 na ambaye kwa sababu hiyo tunamsikiliza sana, alimkuta muuguzi akimwekea baba maziwa maalumu ya kopo, akauliza yana nini, akaambiwa yana protini. Tangu hapo hana raha. Anasema mumewe alipunguziwa nyama, maharage na maziwa kwa amri ya daktari, kwa hiyo anataka tuombe baba apewe uji mwepesi wa mahindi na maji ya dafu mpaka figo zipumzike. Mdogo wangu ameshanunua madafu 4 pale soko la Mgandini, na hivi ninavyoandika yako chini ya benchi hili.

Baba alikuwa na kilo 60 alipopimwa mwezi uliopita. Jana alionekana ana 69, lakini ukimtazama mapaja yamekwisha kabisa, na kilichoongezeka ni uvimbe wa uso na miguu. Naomba anayeelewa anieleze: je, shangazi ana haki?

Mtaalamu wa lishe, Raskazone

Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu, na poleni sana kwa kuuguliwa.

Shangazi yenu hakudanganywa na daktari wa mumewe, na ningependa mumweleze hivyo kwanza, kwa sababu mtu aliyemuuguza mwenzake miaka 6 hapendi kuambiwa kwamba hajui kitu. Mumewe alikuwa na ugonjwa sugu, anakula mwenyewe nyumbani, mwili wake umetulia. Kwa mtu wa namna hiyo ambaye hajaanza kusafishwa damu, kupunguza protini kwa kipimo ni ushauri unaotambulika. Hali ya baba yenu ni nyingine kabisa, ingawa kiungo kinachotajwa ni kilekile.

Mtu aliye mahututi kwa maambukizi ya damu, mwili wake umo vitani. Homoni za dharura huuamuru uvunje misuli ili upate nishati na malighafi ya kupambana, na uvunjaji huo hautulii kwa sababu tu mgonjwa amenyimwa chakula. Yale mapaja unayoyaona yamekwisha ndiyo yaliyoliwa. Sasa zingatia jambo hili, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoteleza: misuli ikivunjwa, taka inayotoka ni yurea, taka ileile inayotokana na protini ya maziwa ambayo shangazi anaiogopa, na ambayo figo ndizo huitoa. Kumnyima protini hakumwepushi na yurea; kunamfanya aitengeneze kutokana na nyama yake mwenyewe. Juu ya hayo, kila anaposafishwa damu, mashine huondoka na takriban gramu 6 hadi 12 za amino asidi, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini, na zisiporudishwa hakuna mahali pengine zitakapotoka ila mwilini mwake.

Ndiyo maana mwongozo wa ESPEN, chama cha Ulaya cha lishe ya kitabibu, uliotolewa mwaka 2021, unasema waziwazi kwamba protini isipunguzwe kwa nia ya kukwepa au kuchelewesha kusafisha damu. Kwa mgonjwa mahututi asiyesafishwa damu, unapendekeza kuanzia gramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku na kupanda taratibu hadi 1.3; na kwa anayesafishwa kwa awamu kama baba yenu, gramu 1.3 hadi 1.5. Kilo zinazohesabiwa ni zile 60 za kabla ya kuvimba, kwa kuwa 9 zilizoongezeka ni maji, na maji hayahitaji kulishwa. Kwa hiyo lengo lake ni gramu 78 hadi 90 kwa siku, na hilo ni lengo la kufikiwa hatua kwa hatua, si la kumimina siku ya kwanza.

Sisemi kwamba ukizidisha ndipo atapona upesi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023 ulilinganisha wagonjwa mahututi waliolengwa kupewa gramu 2.2 au zaidi kwa kilo na waliopewa 1.2 au pungufu. Waliopewa nyingi hawakupata nafuu iliyo bora, na wale ambao figo zao zilikuwa zimeumia walionekana kudhurika. Kipimo kina ukingo pande zote mbili.

Kuhusu uji, hebu tuupigie hesabu. Uji unaoweza kupita kwenye mpira ule mwembamba una unga wa gramu 100 hivi kwa lita moja. Unga huo una kilokalori zipatazo 360 na protini gramu 8. Baba yenu anahitaji kati ya kilokalori 1,200 na 1,800 kwa siku, ingawa katika wiki ya kwanza wataalamu hawakimbilii kuzifikisha zote. Mkimpa lita moja na nusu ya uji, mtakuwa mmemjaza maji ambayo figo haziwezi kuyatoa, na bado mmempa chini ya nusu ya nishati na gramu 12 tu za protini. Maziwa ya kopo ya kawaida hubeba kilokalori 1 kwa kila mililita, na yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa figo hufika karibu 2, huku madini ya potasiamu na fosfeti yakiwa yamepunguzwa. Kwa mtu anayevimba, tofauti hiyo si ndogo.

Mzee wa Ngamiani

Nimesoma kwa makini, lakini nina shaka moja. Kaka yangu alilazwa na tatizo kama hili, na mara tu alipoanza kulishwa vizuri yurea ilipanda kwenye karatasi ya maabara. Hilo haliwezi kuwa jambo jema, au mimi ndiye nisiyeelewa?

Mtaalamu wa lishe, Raskazone

Shikamoo mzee wangu. Umeelewa sawasawa: yurea inaweza kupanda kiasi protini inapoongezwa. Lakini namba hiyo peke yake haimwongozi daktari. Huiangalia pamoja na potasiamu, tindikali ya damu, kiasi cha maji mwilini na hali ya mgonjwa mwenyewe, kisha huamua kama asafishwe tena na lini. Mashine inaweza kuitoa yurea katika saa chache. Msuli uliopotea huchukua miezi kurudi, na msuli wa kupumulia nao ni msuli. Mgonjwa aliyedhoofika kifua huwa mgumu kumtoa kwenye mashine ya kupumulia.

Muuguzi mstaafu

Mwanangu, mimi naanza na hayo madafu yaliyo chini ya benchi. Yaondoe leo. Dafu ni kinywaji kizuri kwa mwenye figo nzima, lakini limejaa potasiamu: kila mililita 100 zina kama miligramu 250, kwa hiyo dafu moja la kawaida linaweza kumpa zaidi ya nusu gramu kwa mkupuo. Figo zisipoitoa, potasiamu hupanda katika damu, na potasiamu iliyopanda sana husimamisha moyo bila kutoa taarifa. Machungwa ya Muheza nayo, pamoja na utamu wake wote, yasubiri.

La pili, msipitishe kitu chochote kwenye mpira wenyewe, hata kijiko. Nilipokuwa kazini, ndugu wa mgonjwa mmoja alisubiri zamu ibadilishwe, akachukua bomba la sindano akasukuma uji wa ulezi aliouleta kwenye chupa ya chai. Uji uliganda ndani ya mpira kama gundi. Tulijaribu kuusukuma kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa, ukakataa, ikabidi mpira utolewe na kuingizwa mwingine saa tisa usiku, kwa mgonjwa ambaye pua yake ilikuwa imekwisha kuvimba na kutoka damu. Na hiyo ilikuwa bahati, kwa sababu mpira ukiwa umesogea kutoka tumboni, kinachomiminwa huingia kwenye mapafu.

Mnaloweza kulitazama ninyi, mkiingia saa ya kuona wagonjwa, ni kama kichwa cha kitanda kimeinuliwa nyuzi 30 hadi 45 wakati analishwa. Mkikuta kimelala, mwambieni sista kwa upole. Ulizeni pia kama tumbo linapokea, kama ameharisha, na kama sukari yake inapimwa, kwani wagonjwa hawa sukari hupanda hata kama hawakuwa na kisukari.

Swali moja nakuuliza wewe: kabla ya kuletwa, alikaa siku ngapi bila kula?

Binti wa Chumbageni

Ahsanteni sana. Alikaa kama siku 6, mama. Alikuwa anakunywa chai ya rangi tu, na hata hiyo alikuwa akiitapika.

Muuguzi mstaafu

Basi hilo mwambie daktari leo hii, hata kama unadhani limeandikwa kwenye faili. Mtu aliyekaa na njaa siku nyingi, akianza kulishwa kwa kasi, insulini, ile homoni ya sukari, hupanda na kuyaingiza madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu ndani ya seli, na damuni hushuka ghafla. Kwa mgonjwa wa figo watu huwa wanaogopa madini hayo kupanda tu, wakasahau kwamba yanaweza pia kushuka, hasa anaposafishwa damu. Ndiyo sababu huenda umeona wanamwekea maziwa kidogo kidogo, labda mililita 10 au 20 kwa saa, si ubahili. Huenda pia wakampa vitamini B1 kabla ya kuongeza kasi.

Binti wa Chumbageni

Nimerudi. Daktari alikuwa hajui habari ya siku 6, kwa sababu mapokezi tulisema tu kwamba hali chakula vizuri. Ameagiza fosfeti na magnesiamu zipimwe, na maziwa yaendelee kwa mililita 20 kwa saa mpaka majibu yatoke. Alipoulizwa kuhusu protini alieleza karibu maneno yaleyale mliyoyaandika, na shangazi alikuwepo. Hakusema kitu, ila alimwomba sista amwonyeshe kopo, akalisoma pande zote, akaliweka mezani.

Madafu tumewapa walinzi wa getini.