Mjadala: Msimbo wa makosa uliojirudia kwenye mfumo wa faili, tuunganishe au tuuache kama ulivyo?

Wakuu, nataka hili tuliongee wazi maana kila pachi (marekebisho ya msimbo) ya aina hii ikitumwa watu wanagawanyika pande mbili na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Swali lenyewe ni hili: kwenye mfumo wa faili ndani ya keneli (kiini cha mfumo endeshi, hapa Linux), unakuta funksheni moja ina sehemu nne au tano ambazo kosa likitokea zinafanya kitu kilekile, zinaachia memori, zinafungua loki (kufuli la kuzuia wawili wasiguse kitu kimoja kwa pamoja), zinarudisha namba ya kosa. Anakuja mtu, anafuta nakala zote anabakiza mlango mmoja wa kutokea chini kabisa, anasema nimerahisisha. Je, pachi za hivyo zipokelewe au msimbo ambao umeishi miaka yote ukae hivyohivyo?

Msimamo wangu nauweka mapema ili nisizungushe watu. Kazi ya kuachia vitu iunganishwe. Ila pale msimbo unaposema kosa limetokea wapi, pasiunganishwe kabisa. Hivi ni vitu viwili tofauti na naona ugomvi wote unaanzia pale tunapovihesabu kama kimoja.

Angalieni mfano huu, majina nimeyaweka ya Kiswahili ili tuelewane (`inodi` ni rekodi ya faili ndani ya mfumo, `ret` ni namba ya matokeo, sifuri ikiwa hamna kosa):

```
njia = chukua_njia();
if (!njia)
    return -ENOMEM;

ret = tafuta_bloku(njia, namba);
if (ret) {
    achia_njia(njia);
    return ret;
}

ret = funga_loki(inodi);
if (ret) {
    achia_njia(njia);
    return ret;
}

ret = andika_bloku(njia, inodi);
if (ret) {
    fungua_loki(inodi);
    achia_njia(njia);
    return ret;
}
```

Leo uko sawa huu, hauna bagi. Tatizo ni kesho mtu akija kuongeza hatua.

Kuna kipindi nilikuwa nasaidia kutunza moduli ya kuhifadhi data iliyoandikwa kwa mtindo huuhuu. Mwenzetu mmoja akaongeza hatua mpya katikati, akakopi ile `if` ya juu, ile ya kabla loki haijachukuliwa, akaibandika chini ya mstari wa kuchukua loki. Ikakompaili vizuri, testi zikapita, miezi ikaenda. Siku diski imejaa ile hatua mpya ikarudisha -28, yaani nafasi imeisha, funksheni ikatoka bila kelele yoyote na loki ikabaki imeshikwa. Aliyeomba kuandika akapata jibu lake kwamba diski imejaa, kwake hamna shida. Aliyefuata kuigusa folda ile ndo akaganda. Unapiga `ls` (amri ya kuorodhesha faili), kimya. Unafungua teminali nyingine unaangalia `ps` (orodha ya prosesi) unaona herufi D, unatuma `kill -9` haisikii, kwa sababu prosesi ikilala usingizi wa aina ile haifi mpaka iamshwe, na wa kuiamsha alishaondoka zamani na loki yake hajaiachia. Baadae logi ikaanza kulalamika kuna prosesi imekwama zaidi ya sekunde 120. Tukalaumu diski, tukabadilisha kebo, siku mbili zimeenda, kumbe kilichokosekana ni mstari mmoja, `fungua_loki(inodi);`.

Sasa mwisho wa funksheni ileile ukiwa hivi:

```
toa_loki:
    fungua_loki(inodi);
toa_njia:
    achia_njia(njia);
    return ret;
```

anayeongeza hatua baada ya loki anaandika `goto toa_loki;` (yaani ruka uende kwenye lebo `toa_loki`) basi. Bado anaweza kukosea lebo, sikatai, ila anayekagua pachi anaona kosa kwa kusoma neno moja, hahitaji kulinganisha nakala tano mstari kwa mstari saa sita usiku.

Na kwa nini makosa haya yanaishi muda mrefu hivi? Kwa sababu njia za kosa karibu hazipitiwi kabisa. Chukua ile `-ENOMEM` (memori imekosekana) ya juu kabisa, kwenye Linux maombi madogo ya memori karibu hayashindwi, keneli inahangaika kutafuta nafasi mpaka ipate, kwa hiyo ile `if` inaweza kukaa miaka haijawahi kufanya kazi hata mara moja kwenye mashine halisi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison wa 2008 ulifuatilia namba za makosa zinavyosafiri ndani ya mifumo ya faili na madreva ya diski ya Linux, wakakuta kati ya miito 9022 ya funksheni, 1153 ilikuwa inaidondosha namba ya kosa njiani, karibu asilimia 13. Utafiti ule haukuwa wa nakala zinazojirudia, naomba nisieleweke vibaya, lakini unaonyesha ni sehemu gani ya msimbo ambayo macho yetu hayafiki. Sehemu kama hiyo ukiiandika mara tano umejiongezea sehemu tano za kutoangalia.

Karibuni, nipingeni.

---

Nimerudi, nimesoma michango yote, najibu kwa mpangilio wangu.

Mkuu uliyesema `goto` ni uchafu na ukamtaja Dijkstra, yule mwanasayansi wa kompyuta aliyeipinga. Barua yake ya 1968 ilikuwa inalalamikia programu ambazo huwezi kufuata zinaendaje, unaruka juu unaruka chini popote. Hapa tunaruka kuelekea chini tu, ndani ya funksheni moja, kwenda kutoka. Muongozo wa uandishi wa keneli ya Linux wenyewe unaupendekeza mtindo huu pale funksheni ikiwa na sehemu nyingi za kutokea na kuna kazi ya pamoja ya usafi, na unasema lebo itaje inachofanya, sio kuzipa namba. Hapo kwenye namba ndo nakuunga mkono kwamba mtindo unaweza kuharibika: ile funksheni ya ext4 (mojawapo ya mifumo ya faili ya Linux) ya kupandisha mfumo wa faili, `ext4_fill_super`, ilifika mahali pa kuwa na `failed_mount3a` na `failed_mount4a`. Hiyo "a" inakueleza kilichotokea, mtu alitaka kuchomeka hatua katikati na namba zilikuwa zimeshajaa. Dawa yake ni kuivunja funksheni vipande, kuliko kurudi kwenye nakala.

Halafu ukaleta lile bagi la Apple la Februari 2014, mstari wa `goto fail;` uliojirudia. Mfano mzuri, ila tuutazame kwa karibu. Mstari wa pili haukuwa chini ya `if` yoyote, ukawa unaruka kila wakati, na muda huo `err` ilikuwa bado sifuri, kwa hiyo funksheni ikarudisha "hamna kosa" wakati uhakiki wa saini haujafanyika. Hatari hiyo ipo kwenye mlango wa pamoja na naikubali bila kujitetea: mlango wa pamoja unaiamini `ret` kama ilivyo. Ukiruka bila kuijaza, umegeuza kosa kuwa mafanikio, na kwenye mfumo wa faili maana yake umemwambia mtu data yako imeandikwa wakati haijaandikwa. Kwa hiyo nikikagua pachi ya kuunganisha, kitu cha kwanza naenda kwenye kila `goto` naangalia `ret` ina nini sekunde hiyo. Zile hatua zinazorudisha pointa au kweli/sio kweli badala ya namba ndo zinaponza, kwenye nakala ya zamani kulikuwa na `return -EIO;` (kosa la kusoma au kuandika) ya wazi, mtu akageuza ikawa `goto` na ile namba ikapotelea hapo.

Dada uliyesema usiguse kinachofanya kazi, umenigusa mahali. Ni kweli marekebisho ya haraka yanatakiwa yarudishwe kwenye matoleo ya zamani ya keneli, na ukishapanga upya funksheni nzima, pachi ya marekebisho haiingii tena bila kushonwa kwa mkono, na anayeshona ni mtu aliyechoka. Nakubali mambo mawili hapa. Rekebisho la bagi liende peke yake na litangulie, usafi ufuate kwenye pachi yake. Na hizi kampeni za mtu kupitia faili mia kwa skripti bila kujua mfumo wenyewe, mimi pia sizitaki. Unganisha kwenye funksheni ambayo tayari unaifanyia kazi na unaielewa. Ila "kinachofanya kazi" naomba tulitumie kwa uangalifu, maana moduli yetu ile ilifanya kazi miezi kibao, kilichokuwa hakijatokea ni diski kujaa tu.

Sasa aliyeuliza kwa nini nimesema kutaja kosa kusiunganishwe. Hii ndo niliyotaka tuizungumze zaidi kuliko zote. Kwenye Btrfs, mfumo mwingine wa faili wa Linux, kuna `btrfs_abort_transaction`, inaitwa mambo yakiharibika kiasi kwamba muamala (kundi la mabadiliko yanayoandikwa pamoja) hauwezi kuendelea, na kwenye logi inaacha jina la funksheni na namba ya mstari ilipoitwa. Sasa wewe ukiwa na hatua tatu na ukaziunganisha zote zianguke kwenye mwito mmoja chini kabisa, kila ripoti ya mtumiaji itakuja na mstari uleule na -28 ileile, huwezi kujua ni hatua ipi kati ya tatu. Na ripoti hizi ndo kitu pekee ulichonacho, mashine iko kwa mtu mbali, mfumo umeshajigeuza wa kusoma tu, tukio halijirudii. Wenyewe wa Btrfs wamekuwa wakituma pachi za kwenda kinyume, sehemu ambapo mwito mmoja ulikuwa unahudumia makosa mawili wanautenganisha ili kila kosa liwe na mstari wake. Mtu asiyejua historia akiiona anasema huu msimbo umejirudia, anaurudisha pamoja, na anapewa asante. Hapo mistari miwili inafanana kwa macho lakini kila mmoja unatoa habari yake.

Aliyesema yote haya yamepitwa na wakati kwa sababu ya usafi wa kujiendesha: zile zana za `cleanup.h` zilizoingia Linux 6.5 mwaka 2023, `__free` na `guard`, nazipenda sana, kompaila inakuachia kitu chako ukitoka kwenye mabano na hakuna nakala wala lebo. Ila maelekezo yake yenyewe yanasema usizichanganye na `goto` ndani ya funksheni moja, na vitu vinaachiwa kinyume cha ulivyovitangaza, kwa hiyo ukijaza vigeuzi vyote juu kabisa kwa mazoea unaweza kukuta loki inafunguliwa kabla ya memori inayolindwa nayo kuachiwa. Kwa funksheni mpya anza nazo. Kwa ya zamani yenye lebo sita, ama ubadilishe yote ama uiache. Lugha ya Rust nayo ina faida hiyohiyo, ila mifumo tunayoiongelea hapa ni C na itabaki C kwa muda.

Mwisho, kijana uliyeuliza utajaribuje njia ya kosa wakati huna diski mbovu. Huhitaji diski mbovu. Washa uchomekaji wa makosa (kulazimisha makosa kwa makusudi) kwenye keneli ya majaribio, `failslab` inafanya maombi ya memori yashindwe, `fail_make_request` inafanya kusoma na kuandika kushindwe, na `dm-flakey` inakupa diski inayokubali kwa sekunde kadhaa halafu inakataa kwa sekunde kadhaa. Endesha xfstests (mkusanyiko wa testi za mifumo ya faili) juu yake kabla ya pachi yako na baada. Halafu hakikisha kila lebo uliyoiweka imepitiwa angalau mara moja, weka hata `printk` (inayoandika ujumbe kwenye logi) ya muda uione kwa macho yako. Kisha piga `ls` kwenye folda ileile, na uangalie kama inarudi.