Kwa nini tunapanda bodaboda hata kwa safari ya kilomita moja?

Mkazi wa Sinza: Ndugu zangu, naomba maoni yenu. Hapa Dar es Salaam, wengi wanaoishi Sinza wanaweza kutembea hadi kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Shekilango kwa muda usiozidi nusu saa, lakini asubuhi bodaboda na bajaji ndizo zinazowapeleka kituoni. Je, ni uvivu, au mazingira ya mitaa ndiyo yanayotuamulia usafiri?

Mpita Njia: Ndugu, uvivu tuuweke kando. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilijengewa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli, na jambo hilo lilistahili pongezi. Tatizo huanza pale unapoiacha barabara hiyo na kuingia mitaani: mtaro hauna mfuniko, gari limeegeshwa palepale unapopaswa kupita, bodaboda inakupigia honi kwa nyuma, wala hakuna mti hata mmoja wa kukukinga na jua, na masika yakiingia, mwenye viatu vya kazini hana pa kukanyaga. Mama aliyeshika mkono wa mtoto akilipa nauli ya bodaboda katika hali hiyo, ananunua usalama. Kila safari ya basi huanza na kuishia kwa miguu, kwa hiyo kituo kisichofikika kwa miguu ni nusu ya kituo.

Mwana wa Unguja: Huku kwetu Mji Mkongwe vichochoro ni vyembamba, kuta ndefu zinatupa kivuli karibu kutwa, na barazani daima pana watu, hivyo mpita njia hajihisi peke yake. Gari haliingii sehemu kubwa ya mji, na mtu mwenye gari lake huliacha pembeni akaenda kwa miguu bila kunung'unika, ingawa vespa nazo zinatusumbua.

Msomaji wa Nairobi: Naomba tahadhari moja. Nairobi takriban asilimia 40 ya safari hufanywa kwa miguu, na bado hakuna atakayesema kwamba mji wote unafaa kwa kutembea. Wengi wanaotoka Kibera au Mukuru alfajiri kwenda Eneo la Viwanda hutembea kwa sababu nauli ya matatu ingemaliza ujira wao. Kwa hiyo tusihesabu miguu tu. Tutazame kama mwenye nauli mfukoni naye anachagua kutembea. Barabara ya Luthuli ilipofanywa ya upande mmoja mwaka 2019 na njia za waenda kwa miguu zikapanuliwa, mtu alipata nafasi ya kupita bila kubanwa na magari. Kinyume chake ni Barabara ya Thika, ambako kuvuka kunamtaka mzee apande daraja refu ili magari yasipunguze mwendo. Mzee huyo, akiwa na uwezo, atapanda bodaboda, nami simlaumu.