Mjadala: Tuombe ruzuku ya nje kabla hatujawa na mtunzaji wetu?

Mtoa mada, Nyakato

Ndugu zangu wa Kanda ya Ziwa, naleta jambo lililonigombanisha na watu ninaowapenda. Kikundi kimoja cha ngoma huko Magu kiliniomba nikiandikie andiko la kuomba fedha za kuhifadhi kumbukumbu zao kwa wafadhili wa nje. Wana sanduku la bati lenye kaseti za mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma vinavyoshindana, picha, na madaftari ya manju wao aliyekwisha kufariki.

Nililifungua kwa mikono yangu. Mchwa wameliingia daftari la juu kwa mgongoni, wametoboa tundu moja kutoka jalada hadi jalada, kwa hiyo kila wimbo umepoteza maneno mawili matatu palepale katikati. Picha zimegandana kwa unyevu. Kaseti moja utepe umemwagika nje. Niliurudisha taratibu kwa kalamu.

Kuandika nikakataa, na sababu yangu ni hii. Wafadhili hawa hulipia mradi wenye mwisho. Maktaba ya Uingereza ina programu ya nyaraka zilizo hatarini, iliyoanza 2004 kwa fedha za mfuko wa Arcadia. Masharti yake ni mazuri: vitu vyenyewe havitoki nchini, kinachofanyika ni kuvipiga picha na kuacha nakala hapa. Kwa mambo ya juzi juzi kama kaseti, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, nacho kina programu ya aina hiyo kwa nyaraka za karne ya 20 na 21. Lakini mradi ukiisha, nani atafungua lile sanduku kila mwezi kuangalia mchwa? Nasema tuanze na mtu wetu, tumlipe wenyewe hata kwa michango, aandike orodha ya kila kitu na kukipa namba. Ruzuku ije baadaye. Nani ananipinga?

Mchangiaji, Kisesa

Nakupinga mimi. Nakaa jirani na Bujora. Makumbusho ya Wasukuma pale yalianzishwa na Padri David Clement, Mkanada, yakafunguliwa 1968. Leo mjukuu wangu anaingia banda la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi na kuona alivyokaa babu wa babu yake. Padri angesubiri kamati ya michango tungekuwa na nini? Mchwa hasubiri orodha yako, ndugu yangu.

Mchangiaji, Nansio

Shikamooni wakubwa. Sisi wa Ukerewe tuna mfano unaouma. Mzee wetu Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Wachapishaji wakaona wasomaji wa lugha hiyo ni wachache. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka thelathini na mitano makaratasi yale yalisubiri!

Kila upande hapa unaweza kuudaka mfano huu. Wa Kisesa atasema fedha zingekuja mapema mzee angeshika kitabu chake akiwa na nguvu. Mimi nauona upande mwingine: fedha zilichelewa, lakini maandishi hayakuliwa na mchwa, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeyajali kila siku. Bila mtu huyo, mwaka 1980 kungekuwa na kitu gani cha kuchapisha?

Mchangiaji, Magu

Mimi ni mtoto wa mfumu, yaani mganga wa jadi, na hamjauliza swali langu. Nakala zikiwekwa wazi mtandaoni, dunia nzima inasikiliza. Zipo nyimbo za Bayeye, wacheza na nyoka, ambazo asiyeingizwa chamani hafundishwi. Marehemu aliziimba mbele ya kaseti akijua nani atasikiliza. Nani ataomba ruhusa kwa niaba yake?

Mtoa mada, Nyakato

Dada wa Magu, umenishika pabaya, na nakushukuru. Kazi hiyo hakuna afisa wa mradi atakayeiweza. Inamtaka mtu anayeijua lugha na familia, akae na kila kaseti na kusema hii itoke, hii ibaki sandukuni. Kwangu mimi huyo ndiye mtunzaji ninayemlilia.

Mzee wa Kisesa, nakubali nilikosea jambo moja. Utepe unakufa, karatasi ikiwekwa pakavu inaweza kusubiri. Kwa kaseti tuombe sasa hivi. Ila nisikie na mimi. Nimewahi kufanya kazi mahali palipopata skana na kompyuta za mradi, na kwa miaka miwili tulichapa kazi kweli. Fedha zilipoisha, vijana wakaondoka, diski ikafa, na hakuna aliyejua nakala ya pili iko wapi. Skana ipo, imefunikwa kanga.

Msidhani ni udhaifu wetu tu. Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia Maktaba ya Uingereza yenyewe, na picha za ile programu zikawa hazipatikani mtandaoni kwa muda mrefu. Aprili 2025 mfuko wa taifa wa Marekani wa masomo ya utu, ulioanzishwa 1965, ulikatisha ghafla ruzuku nyingi ulizokwisha kuzitoa, na hao ni wenye fedha zao. Nakala iliyo mbali haitoshi, na ahadi iliyo mbali inaweza kuvunjwa kwa barua moja.

Kwa hiyo nitaandika andiko, kwa sharti: kikundi kimteue mtu kabla sijatuma, na posho yake itoke kwenye malipo ya harusi wanazochezea. Nimewaomba elfu tano kwa kila harusi. Wameniambia watajibu Jumapili. Wa Magu, tafadhali uwe kwenye kikao hicho, maana orodha ya nyimbo zisizotoka sitaiandika mimi.