Kikaango cha chuma cha mtumba: ninunue?

*Kikundi: Majirani Chikongola, Mtwara*

Mama Nasra: Asalaam aleikum majirani. Sokoni kuna kijana kamwaga vyombo vya mtumba, na humo kuna vikaango vyeusi vya chuma, vizito kwelikweli. Anataka elfu ishirini na tano, ukimbana anashuka. Vina kutu. Ninunue? Fraipani za kupakwa dawa zimenichosha, zinamenyeka mapema na mayai yanaganda.

Zuhura: Waaleikum salaam dada. Nunua! Hizo za dawa hazikuumbiwa mkaa. Dawa yenyewe ikipita nyuzi 260 inaanza kuharibika na kutoa moshi mbaya, na fraipani tupu juu ya mkaa uliowaka vizuri inafika huko upesi.

Baba Shufaa: Kabla hujatoa hela, Mama Nasra, nenda na sumaku, hata ile ya spika mbovu. Isiponasa, hiyo ni alumini nyeusi tu. Ikinasa, angalia mpini. Chuma cha kusubu kinamiminwa kwenye kalibu, kwa hiyo mara nyingi mpini na chombo ni kitu kimoja, hakuna ribiti wala alama ya kuchomelea. Halafu kining'inize kwa kidole ukigonge kwa funguo. Sauti ikilia ikabakia hewani, kizima. Ikiwa butu, huenda kina ufa, kiache hapohapo hata akikupa bure.

Mama Nasra: Kwani chuma nacho kinapasuka?

Baba Shufaa: Hiki kinapasuka. Kina kaboni nyingi, asilimia 2 mpaka 4, kwa hiyo ni kigumu lakini hakipindi. Kikianguka kwenye sakafu ya sementi kinaweza kukatika. Ukikitoa motoni ukakimwagia maji baridi, vilevile. Na msiwalaumu mafundi wetu wa sufuria kwa kutovitengeneza. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, hiki kinataka karibu 1,200. Hilo ni tanuri jingine kabisa.

Issa wa Dar: Shikamooni. Mimi nakula kwa jamaa mmoja huku ana kikaango cha Lodge ya Marekani, kile kiwanda cha tangu 1896. Bei yake na hicho cha sokoni ni mbingu na ardhi. Tofauti iko wapi hasa?

Zuhura: Changu hakina hata jina mgongoni, na nakaangia kila kitu. Tofauti ninayoiona ni umaliziaji. Vya bei ndogo vina vichembechembe ndani, ukipitisha kidole unavisikia, na wengine wanakimbilia kuvipeleka kwa fundi visagwe. Mimi sioni haja. Ukikichoma mafuta vizuri na ukatumia mwiko wa chuma kugeuzia, kinalainika chenyewe. Moto nao hausomi jina la kiwanda.

Bi Somoe: Marahaba Issa. Mama Nasra mwanangu, kutu isikutishe. Sugua mpaka rangi ya chuma ionekane.

Mama Nasra: Shikamoo Bi Somoe. Nasugua na nini?

Zuhura: Changanya siki na maji nusu kwa nusu, loweka kwa muda mfupi ukiangalia, usikilaze humo usiku kucha maana siki inakula na chuma chenyewe. Kisha waya wa kusugulia sufuria, sabuni, suuza, na UKIKAUSHE MOTONI papo hapo. Ukikiacha chanjani na hewa yetu hii ya chumvi, kabla hujamaliza kuosha vikombe kimeshageuka rangi ya chungwa.

Sasa kwenye mafuta ndipo wengi wanapokosana nacho, kwa hiyo nisome taratibu. Kikiwa cha moto, paka mafuta ya alizeti ndani, nje, mpaka kwenye mpini. Halafu chukua kitambaa kikavu uyafute yote, futa kana kwamba hukutaka kuyapaka. Kinachobaki ni utando tu, huuoni ila weusi umekolea. Kifudikize juu ya mkaa, funika na mfuniko mpana wa sufuria, upalie moto juu na chini kama wa mkate wa kumimina. Kitafuka moshi. Uache mpaka moshi ukatike wenyewe, kipoe taratibu, rudia. Ule utando unaungua na kushikana na chuma, ndio unaozuia chakula kuganda. Mafuta yakiwa mengi hayashikani, yanabaki kama ulimbo, na kila utakachokaanga kitang'ang'ania.

Bi Somoe: Mama yangu alitumia mafuta ya nazi kwenye chuma chake cha chapati.

Zuhura: Ni kweli bibi, na kwa kupikia kila siku yanafaa sana. Ila kwa huku kuchoma mara ya kwanza, ya nazi hayakauki yakawa magumu. Ya alizeti yanakauka.

Bi Somoe: Haya. Lakini sabuni alikuwa hagusi.

Zuhura: Sabuni kidogo ya maji haidhuru. Ile ya kutengeneza nyumbani yenye kostiki kali ndiyo inayobandua utando, nadhani ndiyo aliyokuwa anaikimbia.

Mama Nasra: Naweza kupikia mchuzi wa ukwaju humo?

Zuhura: Hapana dada. Ukwaju, ndimu, nyanya za kuchemka muda mrefu, embe mbichi, vyote vinakula utando na mchuzi unakuwa na ladha ya chuma. Mchuzi pikia chungu. Humo tia kibua, mihogo, chapati, korosho za kukaanga. Samaki mkaushe maji kwanza, kikaango kipate moto polepole, na ukishamweka usimchokoechokoe. Akiiva upande ule ataachia mwenyewe.

Nesi Rehema: Nami niongeze: ni kweli chakula kinachukua madini ya chuma kidogo kutoka kwenye kikaango, zaidi chakula kikiwa cha majimaji na kichachu. Ila wajawazito wangu humu, msiache vidonge vya kliniki kwa ajili ya kikaango. Hicho si dozi.

Mama Nasra: [picha] Nimekipata kwa elfu kumi na nane! Sumaku imenasa, kimelia vizuri, mpini hauna kiungo. Kutu iko mgongoni zaidi.

Baba Shufaa: Kizuri hicho. Kitako kimenyooka, hakiyumbi.

Bi Somoe: Kikishachomwa, anza na mihogo kwenye mafuta mengi, leo na kesho. Mayai yasubiri.

Mama Nasra: Mihogo ipo. Nani ana siki?

Zuhura: Mtume Nasra, nina nusu chupa. Aje na kitambaa kizee pia, nimpe.