Digrii ya biashara na kompyuta: uhasibu ubaki lazima au uwe wa hiari?

Wakuu habari. Kuna hoja naisikia sana siku hizi kwamba hii digrii imejaa mno, yaani uhasibu, uchumi, sheria ya biashara, takwimu, halafu hapo hapo programingi, databesi na netiweki, kwa hiyo eti uhasibu uwe wa hiari ili watu wapate muda wa kukodi. Mimi napinga, na sio kwa mapenzi, huo uhasibu ulinipa sapu (mtihani wa marudio) mwaka wa kwanza.

Shida ni hii: mtu anaijua Python, lugha ya kuandikia programu, vizuri kabisa, mwambie atengeneze mfumo wa mauzo, anaweka kolamu moja anaiita salio na kila mteja akilipa anabadilisha ile namba tu. Siku hesabu zikigoma kulingana hakuna anayejua pameharibika wapi, maana historia haipo. Aliyekaa na leja, lile daftari la hesabu, anajua kila muamala unaingia mara mbili, debiti huku krediti kule, na ukikosea hufuti, unaandika muamala mwingine wa kurekebisha. Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, aliichapisha njia hiyo 1494, akieleza walichokuwa wakifanya wafanyabiashara wa Venice, na mifumo ya pesa mpaka leo inapita humo humo.

Mchangiaji 1: Mkuu unachanganya mambo. Hilo la debiti na krediti ni la wiki mbili tatu, sio semista tatu. Sisi tulichorewa mizania (taarifa ya mali na madeni) ubaoni tukaikariri na kalkuleta mkononi, kazini sijawahi kuchora hata moja, programu inaitoa yenyewe. Muda huo ningejifunza kwa nini 0.1 + 0.2 kwenye Python inaleta 0.30000000000000004, kitu ambacho kwenye pesa ni balaa na hakuna mhadhiri wa uhasibu aliyekigusa.

Mchangiaji 2: Mnagombania kisichohusika. Cha kufuta ni lile somo la "utangulizi wa kompyuta" la kufundishana kukoza maandishi na kupanga slaidi, sijui nani bado anahitaji hilo chuoni 😂 Wekeni databesi mbili badala yake. Uingereza 2020 karibu kesi 16,000 za korona zilikosekana kwenye takwimu za kila siku kwa sababu data zilipitishwa kwenye faili la Excel la mtindo wa zamani, lile ambalo shiti yake inaishia mistari 65,536, zilizozidi zikadondoka kimya kimya. Hao hawakukosa uhasibu wala koding, walikosa databesi.

Mtoa mada: Hapo kwenye somo la utangulizi nakubali mia kwa mia, lifutwe hata kesho. Na mchangiaji 1 nakupa nusu, uhasibu wa gharama wa mwaka wa pili unaweza kuwa wa hiari. Ila hiyo 0.1 yako ndiyo inanipa nguvu, kwa sababu anayeshtuka senti moja ikipungua ni yule aliyewahi kukesha anahangaika na urari (orodha ya kulinganisha jumla ya debiti na krediti) uliokataa kulingana kwa senti moja. Mkodaji mtupu anaraundi anaendelea na maisha.

Mchangiaji 1: Sawa, ila urari nifundishwe kwa kuuandikia programu, sio kuuchora. Mhadhiri wa uhasibu na wa programingi waingie darasa moja, mtihani mmoja. Wakikataa hao wawili, basi tusiwasingizie wanafunzi kwamba ndio hawataki uhasibu.