Mabomba ya boila yamevimba, naombeni ushauri

Wakuu, habari za kazi. Juzi tulifungua boila yetu ya kuni kwa usafi. Mabomba matatu ya upande wa moto yamevimba. Ukipapasa unagusa kinundu kama nusu yai, na ndani kuna ukoko mweupe wa maji magumu, unaozuia maji kupoza chuma.

Nimepima unene kwa mawimbi ya sauti: milimita 3.1, awali ilikuwa 4. Lakini kipimo hicho hakisemi chuma kimechoka kiasi gani. Chuma cha kawaida kikizidi nyuzi 400 hivi hutanuka polepole kwa shinikizo bila kurudi, na vitundu vyake vya mwanzo havionekani kwa macho.

Bosi anataka tuwashe Jumatatu. Vijana wanaolisha kuni husimama hatua mbili tu kutoka pale, sipati usingizi.

Nikate kipande kiende maabara, au kunakili uso wa chuma papo hapo (kubandika utando laini juu yake, kisha kuukagua kwa hadubini) kunatosha? Na mabomba jirani yasiyovimba, niyaamini?