Wauza vitabu vya kale, acheni kukata michoro kwa wembe

Ndugu zangu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Mwezi uliopita nilinunua kwa shilingi 380,000 kitabu cha Peter Garlake cha mwaka 1966 kuhusu usanifu wa majengo ya kale ya Kiislamu katika pwani ya Afrika Mashariki. Muuzaji, ambaye simtaji, alitangaza kwamba ni "kitabu kamili, jalada safi". Jalada ni safi kweli. Lakini nilipofika panapoelezwa Husuni Kubwa, magofu ya jumba la kale la Kilwa Kisiwani, na kuelekezwa niutazame mchoro wa jengo, mchoro sikuuona. Nilikuta ukanda wa karatasi wenye upana wa kidole umebaki kwenye mshono, mkato wake umenyooka kutoka juu hadi chini. Nikahesabu kanda za namna hiyo, zikafika 11. Mchwa hakati kwa rula.

Nilipompigia simu alinijibu bila haya, "Mzee, maandishi yote yapo, zimepungua picha tu." Picha tu! Anayekusanya vitabu vya aina hii hatafuti habari za masultani, ambazo atazipata hata katika vitabu vya shule. Anatafuta unene wa ukuta wa matumbawe, upana wa chumba, ambao ulitawaliwa na urefu wa boriti za mikoko, namna kibla cha msikiti, yaani kile kishubaka anamosimama imamu, kilivyonakshiwa, na mpangilio wa zidaka, vishubaka vya ukutani. Majengo yenyewe hayatusubiri. Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la Mji Mkongwe, Zanzibar, lililojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020 mchana kweupe, na fundi atakayetaka kurudisha kilichoanguka ataanzia wapi kama si kwenye picha na michoro ya zamani?

Kinachowasukuma wauzaji wa namna hii kinajulikana: kitabu kizima huuzwa mara moja, ila kurasa 11 zikitiwa fremu huuzwa mara 11. Wiki mbili baadaye, katika duka moja la zawadi za watalii Mji Mkongwe, niliona ukurasa wa michoro ya vibla umening'inizwa kati ya vikapu na vinyago, namba ya mchoro imefunikwa nusu na kadibodi, bei yake karibu theluthi ya niliyolipa mimi. Siwezi kuapa kwamba ulitoka kwenye kitabu changu. Nilisimama pale mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Ninachodai ni kurudishiwa fedha zangu zote, pamoja na nauli ya kifurushi. Nanyi wauzaji wengine mliomo humu, kabla ya kuandika neno "kamili", hesabuni michoro mmoja mmoja na mpige picha mshono ukiwa wazi. Kazi hiyo haimalizi hata nusu saa.

Mpaka naandika haya, fedha sijaziona. Juzi muuzaji huyo ametangaza vitabu vingine viwili vya historia ya Lamu, na vyote anaviita kamili.